Ofu ya yaya ughaibuni: 'mtu wa familia' asiye na Jumapili

Na Mwandishi Wetu, London

KATI ya kazi zote wanazofanya ndugu zetu huku ughaibuni, kazi ya yaya wa kulala ndani ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Mbeba boksi ana hadithi zake, na huzisimulia mwenyewe harusini na misibani. Anayetunza wazee ana zamu, ana sare, ana wenzake wa kunywa nao chai. Yaya wa kulala ndani hufanya kazi peke yake, ndani ya nyumba ya mtu, mlango ukiwa umefungwa, na shahidi wake mkubwa ni mtoto ambaye bado hajajua kusema.

Ndiyo maana safari hii tumeamua kumtazama yaya siku ambayo hafanyi kazi. Siku ya ofu, kama wanavyoiita wenyewe. Ukitaka kujua uzito wa kazi ya mtu, iangalie siku yake ya kupumzika: anatoka saa ngapi, anakwenda wapi, anarudi lini, na ni nani anayempa ruhusa.

Tulikaa Jumapili nzima na dada mmoja mzaliwa wa mkoa wa Tanga. Ameomba tusimtaje jina, wala nyumba anayofanyia kazi, nasi tumeheshimu. Humu tutamwita Dada tu. Amelea watoto wa watu kwa zaidi ya miaka kumi na tano, kwanza Muscat, kisha hapa London. Mabosi wake wa sasa, anasema bila kusita, ni watu wazuri. Wanamlipa kwa wakati, hawamfokei, na mkataba wake unasema wazi kwamba Jumapili ni yake. Tumemchagua makusudi. Habari za mayaya waliopigwa na kufungiwa ndani wasomaji wetu wanazifahamu. Leo tulitaka kujua hali inakuwaje pale ambapo mambo yanakwenda vizuri.

Kutoka kabla hawajaamka

Dada hutoka Jumapili saa moja na nusu asubuhi, mvua inyeshe, theluji ianguke. Si kwamba ana haraka ya kufika mahali. Anatoka kwa sababu ikigonga saa mbili bado yumo ndani, ofu imekwisha.

Mtoto hajui Jumapili ni nini. Pacha wa miaka mitatu anaowalea wakisikia mlango wa chumba chake umelia, wanakuja mbio. Nyuma yao atatokea mama yao na taulo begani, aombe dakika tano tu akaoge. Dakika tano zitazaa uji, uji utazaa kiatu kilichopotea, na kiatu kitazaa saa nne na nusu. Hapo hakuna aliyemlazimisha mtu, wala hakuna aliyevunja mkataba. Lakini nani atamwambia mtoto aliyemkumbatia magoti kwamba leo hamjui?

Kwa hiyo Jumamosi usiku, watoto wakishalala, Dada hupanga mfuko wake: nguo, mtandio, chaja ya simu, chupa ya chai. Asubuhi hushuka ngazi pekupeku, viatu mkononi, na kuvivalia nje kwenye baraza. Alitueleza hayo huku akicheka, lakini ukilitafakari si jambo la kuchekesha sana. Mfanyakazi wa kiwandani akichoka, hurudi nyumbani akalala. Yaya wa kulala ndani akichoka, sharti aondoke nyumbani, kwa kuwa kitanda chake kiko kazini.

Wapo waliolifikiria hilo kabla yetu. Tarehe 16 Juni 2011, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Ibara ya 10 inasema mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Ibara ya 9 inakwenda mbali zaidi: mfanyakazi anayelala kwa mwajiri halazimiki kubaki ndani ya nyumba hiyo, wala kukaa na watu wa nyumba hiyo, wakati wa mapumziko yake. Bila shaka walioiandika ibara hiyo walizijua zile dakika tano. Mkataba ulipita kwa kura 396 dhidi ya 16, na 63 hazikuegemea upande wowote. Serikali ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa zile ambazo hazikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana, na haijauridhia.

Hata hivyo Uingereza ina kanuni zake za saa za kazi za 1998. Kanuni hizo zinampa mfanyakazi, hata wa majumbani, saa 24 za mapumziko kila siku saba, pamoja na likizo ya kulipwa. Zimemnyima kitu kimoja kikubwa: ule ukomo wa wastani wa saa 48 za kazi kwa wiki haumhusu anayefanya kazi za ndani katika nyumba ya mtu binafsi. Maana yake ni kwamba jumla ya saa zake za wiki haina ukomo huo. Siku ya saba ni uzio mkubwa kwake.

Kiti cha mbele, ghorofa ya juu

Dada hupanda basi namba 36 kule Queen's Park linakoanzia safari. Hupanda juu na kukaa kiti cha mbele kabisa. Treni ingemfikisha mapema, lakini basi ni rahisi, halafu kufika mapema akafanye nini? Basi hupita Paddington, Marble Arch, Hyde Park Corner na Victoria, huvuka mto Thames pale Vauxhall, hukata Camberwell, hatimaye hufika Peckham. Ni zaidi ya saa nzima ambayo hakuna anayemwita.

"Hiki kiti ni changu," alituambia, akikigonga kwa kiganja kama mtu anayeonyesha kiwanja alichonunua.

Alipokuwa mgeni wa mji, kabla hajapata wenzake, Jumapili zake zote zilikuwa za mabasi na makumbusho. Makumbusho makubwa ya London hayatozi kiingilio. Yana joto, yana vyoo, yana mabenchi, na hakuna anayekuuliza unamsubiri nani. Dada anaifahamu British Museum vizuri kuliko watu wengi waliosoma historia. Mwanzoni hakwenda kutazama mali za Mafarao. Alikwenda kukaa. Baadaye akaanza kusoma vibao vya maelezo, neno moja moja, na anasema Kiingereza chake cha kusoma alikipata humo.

Jambo hili walioko nyumbani hawalijui. Katika nchi ya baridi, kupumzika nje ya nyumba ni gharama. Mkahawani ukikaa lazima ununue, na ukinunua lazima umalize uondoke. Mtu asiye na ndugu wala pesa ya ziada anaweza kupewa siku nzima ya uhuru asijue aipeleke wapi. Wapo wanaoamua kubaki chumbani, na hao ndio wanaoishia kupika uji.

Chumba cha Jumapili

Suluhisho walilolipata Dada na wenzake tumelikuta pia katika simulizi za mayaya wa miji mingine mikubwa: kuchanga na kupanga chumba. Chao kiko karibu na Rye Lane, ule mtaa wa Peckham ambako unapata ndizi za kupika, mihogo, nyama ya mbuzi na saluni za kusuka mlango kwa mlango. Wako watano: Watanzania wawili, Mkenya wa Kisumu, Mganda, na Mkongo wa Bukavu ambaye Kiswahili chake kikikwama hukisukuma kwa Kifaransa. Sita siku za wiki chumba hiki hakina mtu. Jumapili kinajaa.

Ni chumba kidogo. Kitanda kimoja, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, sufuria kubwa, na mwiko wa kusongea ugali uliosafiri kutoka Korogwe ndani ya sanduku. Chini ya kitanda kuna masanduku matano. Humo mna vyeti, picha, vitambaa ambavyo havijashonwa, zawadi zinazosubiri mtu wa kuzibeba. Nyuma ya mlango kuna mfuko wa barua. Barua zao za benki zinakuja hapa. Yaya wa kulala ndani akifukuzwa Jumatano usiku, anapoteza kazi, kitanda na anwani kwa pigo moja, na wote watano wanalijua hilo. Kwa hiyo kodi wanayolipa ni ya Jumapili, lakini pia ni ya hiyo Jumatano ambayo hawaiombei ije.

Siku ile walipika ugali, dagaa na mchicha. Baada ya kula ikaja zamu ya kusukana, mmoja kitini, mwingine nyuma yake na kitana. Tulisikiliza mazungumzo yao na tukagundua jambo dogo. Kazini, jina la Dada limefupishwa na watoto mpaka limebaki silabi moja. Humu anaitwa kwa jina la mwanawe, Mama Fulani, kama angeitwa Tanga. Wote watano wanaitwa hivyo. Siku sita wao ni mayaya wa watoto wa watu. Siku ya saba wanarudi kuwa mama wa watoto wao.

Mganda hakuwepo. Mabosi wake walikuwa na wageni, akaiuza Jumapili yake. Hatukusikia mtu akimlaumu, maana kila mmoja amewahi kuiuza ya kwake: mtoto akikosa ada nyumbani, ofu ndiyo kitu cha kwanza kinachopatikana cha kuuza. Tatizo ni kwamba ukiiuza mara tatu, mara ya nne haiulizwi bei.

Singapore wamelipitia hilo kwa njia ya sheria. Kuanzia Januari 2013 mfanyakazi wa ndani mwenye kibali cha kazi kipya au kilichohuishwa alipata haki ya siku moja ya mapumziko kwa wiki, ila mwajiri aliruhusiwa kuilipia iwapo mfanyakazi angekubali. Ilibidi sheria iongezwe: tangu Januari 2023, angalau siku moja kila mwezi haiwezi kununuliwa kwa bei yoyote. Waliona kwamba maskini akiachiwa haki inayouzika, ataiuza.

Simu kutoka nyumbani

Mchana simu zilianza. Kati ya London na Tanga kuna saa mbili wakati wa kiangazi na tatu wakati wa baridi, na ndugu wanajua kabisa kwamba Jumapili mtu wao yuko huru. Mjomba alipiga kuhusu mabati. Binamu alituma picha ya kadi ya mchango wa harusi, na dakika kumi baadaye akapiga kuuliza kama imeonekana. Fundi wa kiwanja alitaka kujua kama asubiri saruji au aondoke. Mtu ambaye Dada hamkumbuki vizuri alijitambulisha kuwa walisoma pamoja darasa la nne.

Dada aliwajibu wote kwa adabu. Wa mjomba alimtumia, ikaingia kwenye M-Pesa kabla hata simu haijakatwa. Wa harusi alimwahidi mwisho wa mwezi. Kisha akaweka simu kifudifudi mezani na kunyamaza kwa muda.

Sisi tuliotoka nyumbani, kila mmoja kwa sababu zake, tunaujua ukimya huo. Tungependa ndugu zetu walioko nyumbani wasikie hili bila kukasirika. Anayelala kwa mwajiri hana saa yake mwenyewe katika wiki isipokuwa hizi chache. Mkizijaza shida kuanzia adhuhuri mpaka jioni, atakuwa ametoka zamu moja na kuingia nyingine. Mahitaji ni ya kweli, wala hatusemi asisaidie. Lakini mpigieni mara moja moja kumjulia hali tu, halafu mkate.

Simu ya mwisho ilikuwa ya mwanawe. Alimwacha akiwa hajatimiza miaka miwili. Leo ni kijana mwenye sauti nzito. Bibi yake aliyemlea ndiye anayemwita mama, na Dada humwita mama wa London. Hakuomba chochote. "Umekula nini leo?" ndilo lilikuwa swali lake, na Dada alimgeuzia kamera aone sufuria.

Muscat, ambako Ijumaa ilikuwa nzito zaidi

Kabla ya London, Dada alifanya kazi Muscat miaka miwili, kuanzia 2008. Mwenye nyumba wake alizungumza Kiswahili cha Unguja, kitamu kuliko chake, kama wanavyokizungumza Waomani wengi ambao wazee wao walitoka Zanzibar. Dada alidhani amefika kwa ndugu. Katika miaka hiyo miwili hakuwahi kutoka peke yake kupita pipa la taka. Ijumaa, siku ambayo nchi nzima inapumzika, ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote: ukoo mzima huja kula, na biriani ya watu ishirini haijipiki.

Sheria ya kazi ya Oman ya 2003, iliyokuwa ikitumika wakati huo, iliwaacha wafanyakazi wa majumbani nje ya kinga zake. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Wapo waliosema walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku, bila kupumzika na bila siku ya ofu. Wasomaji wetu wa Tanga, Unguja na Singida hawakuhitaji ripoti kulijua hilo, lakini ilisaidia kwamba liliandikwa.

Kweli Ghuba imebadilika katika karatasi. Kuwait ilipitisha sheria ya wafanyakazi wa majumbani mwaka 2015, Qatar na Falme za Kiarabu zikafuata mwaka 2017, na zote zinataja siku moja ya mapumziko kwa wiki. Hiyo ni hatua, na yule anayekwenda leo anapaswa kuijua. Swali linalobaki ni lile la Ibara ya 9: siku hiyo ikifika, mlango unafunguka au mtu anapumzika jikoni?

Viza ya miezi sita

Dada aliletwa London mwaka 2010 na familia nyingine ya Ghuba. Wakati huo, kwa utaratibu ulioanza 1998, mfanyakazi wa ndani aliyeletwa na mwajiri wake aliruhusiwa kumwacha mwajiri huyo na kutafuta mwingine, viza yake ikahuishwa, na baada ya miaka akaomba ukaazi. Dada alifanya hivyo hasa. Jumapili anayoifurahia leo ilitokana na ruhusa hiyo ya kuondoka.

Aprili 2012 serikali ya Uingereza iliifuta ruhusa hiyo. Aliyekuja baada ya hapo alifungwa na mwajiri mmoja kwa miezi sita, na muda ukiisha arudi. Mwaka 2016, baada ya uchunguzi huru ulioongozwa na wakili James Ewins, walirudishiwa haki ya kubadili mwajiri, lakini ndani ya miezi sita ileile, na viza yenyewe haihuishwi. Ni familia gani itaajiri yaya mwenye wiki tisa zilizobaki?

Dada alitusimulia habari ya binti mmoja aliyekutana naye majira ya joto kwenye bustani ya watoto. Binti alimsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu, akasogea na kigari cha mtoto, akasema, "Shikamoo, dada." Walizungumza kwa muda usiozidi bembea kumi za mtoto. Binti alikuwa amefika na familia yake kutoka Ghuba kwa mapumziko yao ya kiangazi. Alipoulizwa ofu yake ni siku gani, hakuielewa maana ya swali. Dada alimwandikia namba kwenye kipande cha karatasi. Hajawahi kupigiwa.

Kwa wale wanaoweza kupiga simu, msaada upo. Kalayaan, shirika la hapa London, limekuwa likiwashauri wafanyakazi wa majumbani wahamiaji tangu 1987. The Voice of Domestic Workers, chama cha wafanyakazi wenyewe kilichoanza 2009, huendesha masomo siku za Jumapili, kwa sababu ile ile iliyomfanya Dada ashuke ngazi pekupeku: siku nyingine hakuna anayeweza kuja.

'Yeye ni kama mtu wa familia'

Katika mahojiano yetu yote kuna sentensi moja iliyojirudia, Muscat, London na hata nyumbani: 'Yeye ni kama mtu wa familia.' Waajiri wabaya huisema, na wazuri huisema pia, wakimaanisha mema.

Sentensi hiyo ilikuwa hata ndani ya sheria ya Uingereza. Kanuni za kima cha chini cha mshahara zilimruhusu mwajiri kutomlipa kima hicho mfanyakazi anayeishi naye, ikiwa anatendewa kama mmoja wa familia kwa malazi, chakula na kazi. Iliondolewa tarehe 1 Aprili 2024. Kwa hiyo kwa miaka mingi kulikuwa na watu ambao upendo waliopewa ulikatwa kwenye mshahara.

Tusiwaachie Waingereza peke yao lawama hiyo. Mwaka 2008 mahakama mjini Washington iliamuru mwanadiplomasia wa ubalozi wa Tanzania na mkewe wamlipe zaidi ya dola milioni 1 binti wa Kitanzania waliyemleta Marekani kuwafanyia kazi za ndani. Aliwatumikia miaka minne bila mshahara, pasipoti yake wakiwa nayo wao. Hapakuwa na kafala, hapakuwa na mgeni. Ni Watanzania kwa Mtanzania, katika kitongoji cha mji mkuu wa nchi tajiri kuliko zote. Miaka miwili baadaye jimbo la New York lilipitisha sheria ya haki za wafanyakazi wa majumbani, ambayo kati ya mambo yake ni siku moja ya mapumziko kwa wiki, na malipo ya ziada kwa atakayekubali kuifanyia kazi.

Na kuna lile la chinichini ambalo jumuiya zetu hazipendi kulitaja. Mtoto amezaliwa, wazazi wote wawili wana zamu, chekechea ni ghali kuliko kodi ya nyumba. Anatafutwa binti wa shangazi kijijini, anakuja kwa viza ya kutembea, na anaitwa mgeni. Hana mshahara kwa kuwa ni ndugu. Hana ofu kwa kuwa ndugu haombi ofu nyumbani kwao. Anayemwonea huruma huambiwa kwamba amesaidiwa kufika Ulaya.

Nyumbani nako kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayompa mfanyakazi mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24, na mfanyakazi wa ndani hakutengwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sasa ihesabu mitaa ya Sinza, ya Buruburu, ya Kisauni, nyumba kwa nyumba, na uulize hausigeli wangapi wana Jumapili wanayotoka bila kutumwa. Binti anayeondoka nyumba hizo kwenda Ghuba hajawahi kuona siku ya ofu maishani mwake. Akifika huko na kunyimwa, hatajua amenyimwa nini. Yule binti wa bustanini hakujifunzia Ghuba kutolielewa swali la Dada.

Kabla ya kusaini

Tuliwaomba wale wanne wa chumba cha Peckham watutajie ambayo wangependa kila binti ayaulize kabla ya kukubali kazi ya kulala ndani, popote pale. Waliyataja kwa zamu, bila kubishana.

Ofu ni siku gani, iandikwe kwa jina lake, si 'siku moja kwa makubaliano'. Inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, maana ofu inayoanza baada ya kuwalisha watoto na kuisha kabla ya kuwaogesha ni mapumziko ya mchana tu. Je, nitaruhusiwa kutoka nje ya nyumba peke yangu, na kulala nje nikipenda? Nitapewa ufunguo? Pasipoti na simu vitakaa kwa nani? Nikifanya kazi siku ya ofu, nitalipwa kiasi gani, na nitafidiwa siku ipi? Mkongo aliongeza la mwisho: kabla ya kusafiri, kariri kichwani namba moja ya mtu unayemwamini, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa.

Saa mbili usiku Dada alianza safari ya kurudi, ingawa ofu yake ilikuwa na saa nyingi bado. Kesho yake anaamka kabla ya watoto. Hapendi kufika kabla ya saa tatu na nusu, kwa sababu kabla ya hapo pacha hawajalala. Akiwahi, huzunguka mtaa.

Ndugu msomaji, uwe Muscat, Minnesota, Mombasa au Muheza, kama kwako kuna mtu anayelala na kufanya kazi, hakuna haja ya kusubiri bunge wala Geneva. Mpe ufunguo. Mtajie siku. Na siku hiyo ikifika, wewe ndiye uamke mapema upike uji, ili yeye aweze kulala mpaka saa nne kwenye kitanda chake kama watu wengine wa familia.